Jinsi ya Kukaa Siku Nzima na Vifaru Bila Kuumiza Mgongo

Kabla hujashuka kwenye treni, neno "kichezeo" liache hukohuko kwenye kiti. Huko unakokwenda kitu hicho kinaitwa kifaru, basi. Kina urefu wa meza ya chakula ya watu wanne, kinazidi uzito wa mtu mzima aliyeshiba, kinanguruma, kinatoa moshi, na mwenyewe amekijenga kwa miaka kadhaa gerejini kwake huku gari la familia likilala nje kwenye mvua. Ukikiita kichezeo hatakugombeza, maana hawa ni watu wapole mno. Atatabasamu, ataendelea kupaka grisi, na wewe hutaambiwa lolote la maana siku hiyo.

Nazungumzia mafundi wa skeli ya moja kwa sita. Kila kipande cha kifaru halisi wanakipima, wanakigawanya kwa sita, kisha wanakiunda kwa chuma na alumini, na wakishamaliza hukutanika kuonyeshana. Mahali panapofaa kuliko pote kwa mkusanyiko wa namna hiyo ni Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Nimekwenda mara kadhaa, na safari ya mwisho nilimchukua mpwa wangu wa miaka tisa. Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda mara ya kwanza, na hasa wa yule anayeburutwa na ndugu yake huku moyo wake uko kwenye mpira wa jioni.

Treni ya kutoka London Waterloo kwenda Weymouth husimama kituo kidogo kiitwacho Wool. Hapo shuka. Zinabaki kilomita kama tatu, na ukitembea utawaona mafundi njiani wakikupita na magari ya mizigo, mwendo wa harusi, kila dereva akitazama kioo cha nyuma kuliko barabara ya mbele. Wasamehe. Wamebeba usingizi wao wote humo ndani.

Ukifika, anza na wakubwa. Bovington pana magari ya kivita yapatayo 300, na mgeni anayekimbilia vifaru vidogo bila kwanza kuwasalimia wazee ni sawa na anayeingia nyumba ya watu akaenda moja kwa moja jikoni. Mwone Little Willie, aliyeundwa mwaka 1915 mjini Lincoln, babu wa ukoo mzima. Mwone Mark I, wa pekee aliyesalia duniani. Halafu nenda kwa Tiger 131, kifaru cha Kijerumani kilichotekwa Tunisia mwezi wa Aprili 1943, ambacho mpaka leo injini yake huwashwa na kikatembea, na ndicho kilichoonekana katika filamu ya Fury ya mwaka 2014. Mkusanyo huu ulianza kuchukuliwa kwa uzito baada ya mwandishi Rudyard Kipling kupita hapo mwaka 1923 na kushauri kwamba pawe na makumbusho. Milango ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1947. Nusu saa ya kuwazunguka wazee hawa itakufaa mchana kutwa, kwa sababu kila fundi utakayezungumza naye atanyoosha kidole kuelekea ukumbini na kukuambia, "Kama kile pale."

Sisi wasema Kiswahili tuna bahati yetu katika jambo hili, nayo nakusihi uitumie. Waingereza walipokuwa wakiiunda mashine hii walitaka kuificha, wakaeneza habari kwamba ni matangi ya maji, na jina la uongo likabaki mpaka kesho. Kiswahili hakikuwa na siri ya kutunza. Kiliona ngozi nene, pembe iliyotangulia mbele, na mwendo wa kupasua kichaka bila kuuliza njia, kikasema: kifaru. Sijaona lugha iliyoipatia mashine hii jina zuri kuliko hilo. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini nilipomfafanulia majina ya Kijerumani: kuna kifaru kiitwacho Chui, kingine Chui-milia, kingine Ndovu, na kilicho kizito kuliko vyote kinaitwa Panya. Kisha kuna gari la mzinga la kuwindia vifaru liitwalo Nashorn, na Nashorn kwa Kijerumani ni kifaru. Kifaru kinachowinda vifaru. Wasimulie mafundi habari hii kwenye foleni ya chai, utapata marafiki watano kabla maji hayajachemka.

Somo la hesabu, ambalo halikwepeki

Mgeni wa kawaida hukosea hesabu, na makosa hayo huishia mgongoni. Tiger ya kweli ilikuwa na uzito wa tani 57. Mgeni husikia moja kwa sita, akagawanya tani 57 kwa sita, akaogopa bure. Mwingine hutazama urefu wa mita moja na sentimita arobaini, akasema haka nitakanyanyua mwenyewe. Wote wawili waketi kwanza. Urefu umegawanywa kwa sita, upana kwa sita, na kimo kwa sita, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 216. Tani 57 zinashuka mpaka kilo 264. Mafundi hawafiki huko kwa kuwa hawatumii bamba nene kama la asili. Bamba la mbele la Tiger lilikuwa na unene wa milimita 100, na kwa skeli hii lingetaka kuwa karibu milimita 17, jambo ambalo hata sakafu ya nyumba ingelikataa. Pamoja na huruma hiyo, Tiger ya chuma ya skeli hii huvuka kilo mia. Yule Panya alikuwa tani 188, kwa hiyo nakala kamili ingefika kilo 870. Ukikutana na mtu anayesema ndoto yake ni Panya, mtafutie kiti.

Basi, unapoombwa kusaidia kushusha, na utaombwa, fuata haya. Ngoja ubao wa kupandishia uwekwe. Ngoja toroli lije. Kama hakuna toroli, ngoja mtu wa nne aje, hata kama ninyi watatu mna nguvu na mmetoka kula. Shika chini kabisa, kwenye bodi lenyewe. Usishike vibao vya juu ya minyororo, vinapinda. Na mzinga si mpini! Nimeona kijana mwenye nia njema akiunyanyua mzinga wa Sherman, kifaru cha Kimarekani, kama anainua ndoo kisimani, na nimeona uso wa mwenye Sherman. Sitaki kuuona tena.

Upana nao upimwe nyumbani. Tiger ya kweli ilikuwa na karibu mita 3.7 kutoka mnyororo hadi mnyororo, ambazo kwa skeli ni sentimita 62, na hizo zinapita kwenye mlango wa kawaida kwa kubakiza nafasi ya vidole vyako tu. Inapendeza kujua kwamba wenyewe Wajerumani walipata taabu hiyohiyo: Tiger haikuenea kwenye mabehewa ya treni, ikabidi kila safari ivuliwe minyororo mipana na kuvalishwa myembamba. Fundi anayehangaika mlangoni mwa makumbusho anarudia historia kwa uaminifu.

Piga magoti

Hili ndilo somo kubwa, na mengine yote ukiyasahau, lishike hili. Kifaru cha skeli hii hakitazamwi ukiwa umesimama. Ukisimama unaona paa, yaani unaona kile anachokiona rubani wa ndege. Mtu wa sentimita 180 katika skeli ya moja kwa sita ana sentimita 30, kimo kilekile cha mwanasesere askari G.I. Joe aliyeanza kuuzwa Marekani mwaka 1964. Macho yake yako kama sentimita 28 kutoka ardhini. Huko ndiko macho yako yanapaswa kuwa. Beba kanga kuukuu au mkeka mdogo, kwa sababu sakafu ya makumbusho ni ngumu na magoti yako unayahitaji kesho.

Ukiwa chini, dunia inabadilika. Mzinga uliokuwa bomba jembamba unakuja juu ya kichwa chako. Tiger ya mwanzo ilikuwa na ekseli nane kila upande na magurudumu matatu katika kila ekseli, yameingiana kama vidole vya mikono miwili. Hayo ni magurudumu 48. Gurudumu la ndani likiharibika, inabidi uyatoe ya nje moja baada ya jingine ndipo ulifikie. Hapo kwenye kanga yako utaelewa kwa nini makanika wa jeshi waliichukia mashine ambayo makamanda waliipenda. Mnyororo mmoja una pingili 96. Pingili 96 kushoto, pingili 96 kulia, na kila pingili ina pini yake, na kila pingili imepitishiwa tupa na mkono wa mtu. Mtu huyo amesimama nyuma yako sasa hivi, kimya, akingoja uone.

Usimuulize bei. Najua swali linawasha ulimi, na najua nyumbani wataliuliza. Lakini bei ni swali la mnunuzi, na mbele yako pana fundi. Muulize ndani kuna nini.

Nakuahidi atafungua. Katika vingi utakuta betri mbili za volti 12 zilizofungwa pamoja kupata volti 24, mota mbili, kila moja na mnyororo wake, na gia za kupunguza mwendo ili nguvu iongezeke. Hakuna usukani. Ukitaka kwenda kushoto unapunguza mnyororo wa kushoto, basi kinageuka, kama mtumbwi unapopigwa kasia upande mmoja. Kuna kifaa kinachopasha mafuta moto yakatoka moshi, na spika inayotoa mngurumo. Mngurumo wenyewe unastahili kusikilizwa kwa heshima, kwa sababu fundi mzuri hatii sauti yoyote tu. Muulize mwenye Sherman injini yake ni ipi, kisha tulia. Sherman za M4A1 zilikuwa na injini ya duara yenye silinda tisa, iliyotokana na ya ndege. M4A2 zilikuwa na dizeli mbili. M4A3 zilikuwa na Ford ya silinda nane. Na M4A4 zilikuwa na injini tano za gari zilizounganishwa kuwa moja, silinda thelathini kwa jumla. Fundi aliyejenga M4A4 akaiwekea sauti ya silinda tisa hulala vibaya, na mimi namwelewa.

Katika safari yetu, mzee mmoja alikuwa na Mark I. Mpwa wangu alipomwona ana mvi akamwamkia shikamoo, kama alivyofunzwa na mama yake, kisha akatahayari kwa kuwa tuko Uingereza. Mzee akataka kujua maana. Nikamweleza kwamba ni heshima ya mdogo kwa mkubwa na kwamba anadaiwa jibu, nikamfundisha "marahaba". Akaijaribu mara tatu, akaipata. Halafu akapiga magoti, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akamwonyesha mtoto skrubu nne, akampa bisibisi, na paa likatoka.

Ndani walikuwa watu wanane wa sentimita thelathini, wamevaa nguo za kitambaa cha kweli. Katikati yao ilikaa injini, Daimler ya nguvu za farasi 105, bila ukuta wowote kati yake na watu. Mzee alieleza polepole. Ili kwenda mbele walihitajika wanne: dereva, kamanda aliyeshika breki, na wawili wa gia huko nyuma. Kelele ilikuwa kubwa hata sauti ya mtu isisikike, kwa hiyo dereva aligonga kifuniko cha injini kwa spana, na wa nyuma wakahesabu mapigo. Joto, moshi wa injini na moshi wa mizinga vyote vilikaa humo pamoja nao. Vifaru hivi viliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Flers-Courcelette, Ufaransa.

Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, walikuwa wanatoka wapi?" Nikamtafsiria mzee. Akaonyesha kijilango cha ubavuni, kikubwa kama kitabu, akakifungua kwa ncha ya kidole, akakifunga. Hakusema kitu.

Mark I halisi iko ukumbini humo humo. Nimesimama mbele yake mara nyingi, nimesoma kibao chake, na nilijua walikuwa watu wanane. Sikuwahi kujua walikaa wapi mpaka nilipolala kifudifudi kwenye kanga mbele ya kifaru cha yule mzee. Kwa sababu hiyo siwaelewi watu wanaosema kazi hii ni kupoteza muda.

Magomvi

Hayatakosekana, nawe usiwe mwamuzi. Kuna watu wanaohesabu ribiti, na wanazihesabu kweli, kwa kidole. Kuna ugomvi wa rangi ya Tiger za Tunisia, ambao ulikuwepo kabla hujafika na utakukuta ukirudi mwakani. Na kuna ule wa zimmerit, udongo wa kuzuia mabomu ya sumaku ambao Wajerumani walivipaka vifaru vyao kiwandani kuanzia nusu ya pili ya mwaka 1943 mpaka Septemba 1944. Udongo huo ukiuona kwenye kifaru kilichoandikwa namba 131 utajua pana kosa, maana hicho kilitekwa kabla haujaanza kupakwa. Ukiliona kosa hilo, limeze. Mwenyewe ameshaambiwa na watu kumi na wawili tangu asubuhi. Mwambie magurudumu yamenyooka, kama kweli yamenyooka.

Kuendesha: ukipewa rimoti, hiyo ni heshima, itwae kwa mikono miwili. Uwanja husafishwa, watoto husogezwa nyuma ya kamba. Nenda polepole kuliko unavyotaka. Mark I ya kweli ilikwenda kilomita sita kwa saa ikijitahidi sana, kwa hiyo nakala yake haistahili kuzidi kilomita moja, mwendo wa bibi harusi akitolewa ndani. Tiger iliweza kilomita 45 kwa saa barabarani, yaani saba na nusu kwa skeli, na hapo tayari inampita mtu anayetembea. Kilo mia za chuma zikija na mwendo huo hazijui tofauti ya kopo na kifundo cha mguu. Vaa viatu vilivyofungwa. Kandambili ziache nyumbani kabisa.

Chakula kipo kwenye mgahawa. Chai ni ya moto. Tuendelee.

Alasiri betri huanza kuchoka, na mafundi nao. Huu ndio wakati mzuri kuliko wote, na wageni wengi huwa wameshaondoka. Yule mzee alikuwa anafuta minyororo kwa tambara, nami nikashika tambara la pili bila kuambiwa, nawe fanya hivyo. Akaniuliza mimi nilijenga nini nilipokuwa mtoto. Nikasema si cha maana, magari ya waya tu, kama watoto wote wa mtaani kwetu Tanga. Akasimamisha kazi. Akataka nieleze. Nikamwambia tuliokota waya kwenye uzio uliobomoka, magurudumu tukakata kwenye soli za ndala, na usukani ukawa waya mrefu unaofika kiunoni ili ukimbie nalo umesimama. Akauliza magurudumu ya mbele yaligeukaje. Nikamweleza tulivyopinda kitanzi, tukakipitisha kwenye ekseli, na ule waya mrefu ukakivuta kushoto na kulia. Akatoa daftari lenye alama za grisi, akachora, akanigeuzia nithibitishe. Alikuwa amekosea kitanzi. Nikamrekebishia kwa kalamu yake.

Kisha akaniuliza waya tuliupinda kwa kitu gani. Nikamwambia kwa meno, na kwa mawe mawili. Alisikitika kweli. Alisema yeye akiwa na miaka minane jirani yao, fundi wa reli, alimpa koleo kuukuu, na kwamba analo mpaka leo. Akafungua kisanduku akanionyesha. Mpini mmoja umefungwa utepe, mdomo umelika, na ndilo aliloshikia kila pini ya minyororo yote miwili.

Tulisaidiana watu wanne kukipakia kifaru chake garini, tukishika chini, kwenye bodi. Mpwa wangu akamwambia kwaheri kwa Kiswahili, naye akajibu marahaba, jambo ambalo halikuwa jibu lake, lakini hatukumsahihisha.

Kwa hiyo ukienda Bovington, beba kanga, vaa viatu, uliza ndani kuna nini. Na kama huendi, kama uko Tanga au Machakos au Bukoba na kuna mtoto mtaani kwako anayepinda waya kwa meno, mnunulie koleo wiki hii.